Mama wa Fundi Kwenye Geti la Mashine

Foleni ya ukaguzi pale uwanja wa ndege asubuhi ile ilijikunja mara tatu, na kila mtu alikuwa ameshavuliwa kitu. Mmoja kashika viatu, mwingine koti, mama mmoja anabishana kwa sababu ya mafuta ya nywele. Fundi lifti alikuwa na suruali mpya iliyomzidi kiuno, na mkanda ulishaingia kwenye mashine. Kwa hiyo mkono mmoja ulishika suruali, mwingine ndio ulikuwa wa kujitetea.

Mkaguzi, dada wa shati jeupe lililonyooka na glavu za bluu, alikuwa anatoa vitu kwenye begi lake kimoja kimoja na kuvipanga mezani. Spana. Koleo. Bisibisi tano.

"Kaka, unakwenda kubomoa ndege?"

"Nakwenda kutengeneza lifti. Ghorofa kumi na mbili, watu wanapanda ngazi huku wananitukana."

"Watakutukana kidogo tena. Hizi haziingii na abiria. Rudi kaunta, zikae na mizigo ya chini."

"Dada yangu, nimesimama hapa saa nzima."

"Na mimi nimesimama tangu saa kumi na moja alfajiri. Shika suruali, inakwenda."

Watu wakacheka. Alirudi kaunta, akapanga foleni upya, akavua viatu upya. Alipofika tena mbele ya yule dada alikuwa amelowa jasho mpaka kola.

"Karibu tena, Bisibisi," akaambiwa. Jina likamganda hapohapo.

Lifti ile aliitengeneza siku mbili, na siku zote mbili alimuwaza mkaguzi. Ndege iliporudi hakwenda nyumbani. Aliulizia watu mpaka akamkuta kantini, mguu mmoja nje ya kiatu, anakunywa chai. Dada akamwambia abiria hawapewi namba.

"Mimi sio abiria," fundi akajibu. "Nimeshatua."

Akacheka. Na mwanamke akishacheka, namba iko njiani.

Walipendana miezi saba, zaidi kwa simu, maana zamu zao zilikuwa haziivi chungu kimoja.

"Uko wapi, Bisibisi?"

"Ndani ya shimo la lifti, ghorofa ya sita. Nakuwaza mpaka naogopa kushika waya."

"Shika waya kwanza, mpenzi. Mimi nipo, sikimbii."

Siku nyingine mkaguzi alimsimulia jinsi watu wanavyomchukia. Kuna mzee wa suti alimtupia mkanda usoni. Wanamuona yeye ndiye aliyetunga sheria za chupa na viatu. Akamwambia pia kuna sheria moja hata wao inawabana: ukimjua abiria, humkagui. Unarudi nyuma, unanyoosha mkono, mwenzako anakuja. Hata awe dada yako wa tumbo moja. Fundi akaitikia "eeh" huku anatafuna, ikaingia huku ikatokea kule.

Halafu ikaja safari ya mama yake fundi. Binti wa mama huyo amejifungua mbali, na mama hajawahi kupanda ndege. Nyongani ana chuma tangu alipovunjika. Ndege yenyewe hakuiogopa, aliogopa ule mlango. Alisikia kwamba ukilia, watu wazima wanapapaswa hadharani. Akasema bora asiende.

Shangazi wawili walikuwepo sebuleni, wote wanamtazama fundi. Ndipo alipofungua mdomo. Alisema mkaguzi wa pale ni mchumba wake, wameshazungumza, hakuna wa kumgusa mama. Shangazi mmoja akampiga bega, akasema kweli sasa mtoto amekuwa mtu. Fundi akajisikia mrefu kama nguzo.

Hawakuwa wamezungumza. Alipanga kumpigia jioni ile, akashika simu, akaiweka. Aliona aibu kuomba kwa sababu jibu alilijua. Akajiambia huenda siku hiyo mchumba atakuwa zamu nyingine.

Hakuwa zamu nyingine.

Mama alivaa gauni la kijani la kushonesha, kilemba kimefungwa kama cha harusi. Akapita mlangoni, mashine ikalia. Akarudi, akapita tena, ikalia tena. Mkaguzi, ambaye hajawahi kumuona, akamsogelea na kile kirungu cha kupimia, akamshika mkono asije akayumba.

"Shikamoo mama. Una chuma mwilini?"

"Marahaba, mkwe wangu," mama akanong'ona. "Mimi mama yake fundi. Kanambia mmeshazungumza."

Ndivyo walivyokutana. Mkaguzi akaachia ule mkono taratibu, akarudi hatua mbili, akanyoosha mkono juu kumwita mwenzake, kama sheria inavyotaka.

Lakini fundi alikuwa nyuma ya utepe pamoja na wasindikizaji, na yeye aliona kingine. Alimuona mama yake kasimama peke yake mbele ya umati, na mchumba wake anamkimbia na kuita wenzake. Shangazi akauliza kwa sauti ya chini, "Si ulisema ni wako?"

"Si tulikubaliana utampitisha?" fundi akapaza sauti. "Tulikubaliana. Leo unajifanya humjui mama mkwe wako?"

Uongo. Aliujua kabla mdomo haujafumba. Mkaguzi aligeuka akamtazama mara moja tu, kisha akatazama sakafu. Msimamizi wa zamu naye aligeuka. Kwenye kazi ile, mkaguzi na abiria hawakubaliani kitu. Akamfuata dada wa watu palepale, mbele ya abiria na wafagiaji, akamvua kitambulisho shingoni.

Mama alikaguliwa na mwanamke mwingine, nyuma ya pazia. Dakika mbili. Akafunga kilemba vizuri, akaenda kupanda ndege. Ndiyo ilikuwa yote hiyo, dakika mbili.

Fundi alipiga simu mara thelathini na moja. Akaandika ujumbe: samahani mpenzi, zilikuwa hasira. Jibu likaja moja.

"Hasira hazijui kutunga. Wewe ulitunga. Jumatatu wananihoji, na wakiamini neno lako sina kazi. Usinipigie."

Wiki ile alipanda ngazi kila jengo, fundi lifti mzima, kwa sababu lifti zina vioo.

Jumamosi mama akapiga simu. Akasifu mjukuu, akasifu ndege, halafu akauliza hali ya mkwe wake. Fundi akakohoa. Mama akasema yule binti hakumkosea kitu, alimshika mkono kwa adabu.

"Hebu niambie," akasema, "mlizungumza kweli?"

"Hatukuzungumza, mama."

"Na ulipiga kelele vile ukijua?"

"Nikijua."

Kule upande wa pili mtoto mchanga alilia, akabembelezwa, akanyamaza.

"Mimi aibu nimeshaiona kwa niaba yako," mama akasema mwishowe. "Sasa ione mwenyewe. Nenda ukaseme."

Jumatatu alikwenda. Chumba kidogo, feni inalalamika, watu watatu nyuma ya meza. Mkaguzi alikaa pembeni na gauni la nyumbani, bila sare akaonekana kama mdogo wake mwenyewe. Msimamizi akamuuliza fundi nani kamwita. Akajibu hakuna.

"Nilidanganya," akasema. "Huyu hatukukubaliana chochote. Hata mama yangu alikuwa hamjui. Nilijikweza kwa mama na shangazi zangu, na uongo ulipotaka kuniangukia, nikamsukumia yeye."

Wakampa karatasi aandike. Shule aliiacha mapema, kwa hiyo aliandika polepole, herufi kubwa kubwa, nusu saa nzima, watu wanne wanamtazama mkono. Hakuna kazi iliyowahi kumtoa jasho vile. Wakamwambia kwa fujo ile haruhusiwi kukanyaga jengo lile mwaka mzima. Maana yake lifti za miji ya mbali atapewa fundi mwingine. Akatia sahihi. Mkaguzi hakuthubutu kumtazama usoni.

Mkaguzi alimkuta fundi nje, ukutani kwa maegesho ya magari, kainama kama aliyepoteza sarafu.

"Wamekurudishia kitambulisho?" fundi akauliza.

"Wamenirudishia. Naanza kesho."

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Umejua kuniaibisha," mkaguzi akasema. "Nyumbani baba hasemi na mimi. Jirani kamwambia napitisha watu kwa ajili ya mwanaume."

"Nifanye nini?"

"Mwambie ulichowaambia hawa. Jumapili, saa nne."

"Baba yako mwenyewe?"

"Kuna mwingine? Alikuwa askari magereza miaka thelathini, kasikia mabaya zaidi." Mdomo ulitaka kucheka, akaubana. "Ukimaliza, kama hajakutoa nje, ndio useme kilichokuleta."

"Kilichonileta ni nini?"

"Kama hukijui, usije."

Jumapili alifika saa tatu na nusu, akazunguka mtaa mara nne, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Saa nne kamili akabisha hodi. Mzee alifungua mwenyewe, miwani kwenye paji la uso, gazeti kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye nani?"

Njia nzima alikuwa amejifunza la kujibu. Mimi fundi. Mimi rafiki wa binti yako. Mimi nimekuja kwa heri. Nyuma ya pazia la chumbani aliona miguu miwili imesimama, haisogei hata kidogo.

"Mimi ndiye niliyedanganya," akasema.

Mzee alishusha miwani, akamtazama kuanzia viatu mpaka kola. Halafu akasukuma kiti kwa mguu.

"Kaa," akasema. "Anza mwanzo, usiruke kitu."