Simu ya Katibu wa Mnada

Siku ya mnada pale Handeni vumbi huamka kabla ya watu. Ng'ombe wanalia, wauza viatu wanashindana kwa spika, na moshi wa nyama choma unapita juu ya vichwa vya wote bila kubagua. Katikati ya purukushani hiyo alipita Zaidi, katibu wa mnada, mwanamume wa miaka thelathini na tisa, shati la kaunda lililopigwa pasi vizuri, macho yote kwenye simu. Hakujua kwamba amesimama juu ya nguo ya mtu.

"Kaka katibu," sauti ya kike ikasema bila haraka, "hiyo unayoikanyaga ni sare ya shule. Mwenyewe yuko darasa la pili."

Zaidi akatazama chini. Kiatu chake kilikuwa kimetulia juu ya shati jeupe lililotandazwa kwenye turubai. Nyuma ya turubai alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, dera la zambarau, ushungi mweupe, futi ya kupimia imening'inia shingoni.

"Samahani sana, dada. Nilikuwa nasoma ujumbe."

"Nimeona. Umekanyaga na vitu vya wenzangu wawili kabla ya kufika kwangu."

"Sasa mbona hukuniita?"

"Nikuite kwa mdomo utasikia? Ningekuwa na namba yako ningekupigia."

Zaidi akacheka, na kicheko chenyewe kikamshangaza, maana alikuwa hajacheka wiki nzima. Akalichukua lile shati ili akalifue mwenyewe. Mwanamke akamnyang'anya, akasema wanaume wa Handeni hawajui kufua kola. Jina lake Amne, fundi cherehani wa Kilole, Korogwe mjini. Kabla jua halijageuka, namba ilikuwa imeshaandikwa.

Ile simu ilikuwa mzigo kweli. Ndani yake mlikuwa na makundi arobaini na moja ya Wasapu: la mnada, la wafugaji, la mtaa, la waliosoma pamoja, la msikiti, ya misiba ambayo arobaini zake zilishapita, na kamati tisa za harusi. Mtu akitaka kuoza mtoto wake hakuulizi; unashtukia umeshaingizwa kwenye kamati. Na kutoka ni aibu, kwa sababu jina lako linaandikwa mbele ya wote kwamba umejitoa, na habari hiyo itaongelewa mpaka kwenye msiba wako. Kwa hiyo Zaidi hakutoka popote. Simu ililia akiwa bafuni, ililia akiwa kwenye pikipiki, ililia akisujudu. Mkewe wa kwanza alikuwa ameondoka miaka minne nyuma, na katika maneno aliyowaambia wazee, moja lilikuwa kwamba amechoka kuzungumza na paji la uso.

Amne hakuwa mtu wa kulalamika. Yeye alitania. Miezi sita Zaidi alikuwa akishuka Korogwe kila Jumatano, anakaa kwenye benchi la wateja, na Amne anashona huku anazungumza.

"Mpenzi, hao waliokuandikia sasa hivi wanasemaje?"

"Wanatakiana asubuhi njema."

"Saa kumi jioni?"

"Wengine ndiyo wanaamka."

"Na wewe umewajibu?"

"Nisipojibu watasema nina maringo."

"Basi wajibu, baba. Mimi nipo. Mimi si kundi."

Alisema kwa kucheka, lakini mguu wake ukakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyohitaji, na Zaidi akasikia. Alichoka na simu. Alichoka pia na kuchoka kwake. Alitaka siku moja akae mbele ya mwanamke huyu, wazungumze mpaka mazungumzo yaishe yenyewe.

Mwezi wa nane akapeleka posa. Barua ilibebwa na Mzee Hiza, jirani yake, mtu mwenye koti moja la heshima na simu ndogo ya vibonye isiyojua Wasapu wala picha. Akaifikisha Mnyuzi siku ya Jumatatu kwa Mzee Mbaruku, mjomba wake Amne, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Kwa desturi ya ukoo ule, barua ikishafika kwa wazee, binti na mchumba hawaizungumzi tena. Mwanamume hauliziulizi, na binti hasemi analolijua. Majibu hupita kwa wakubwa.

Jumatano ile Zaidi akaja dukani macho mekundu. Simu ikalia mara sita kabla hajamaliza kusalimia.

"Lete hiyo simu," Amne akasema.

"Ya nini?"

"Lete. Kama unaniamini kukupima kiuno, niamini na hii."

Akampa. Amne akakaa karibu naye kwenye benchi, karibu kuliko ilivyotakiwa kwa watu ambao barua yao iko kwa wazee, akayafungua makundi moja baada ya jingine. Kila alipogusa, simu iliuliza inyamaze kwa muda gani: saa nane, wiki moja, au daima. Amne akachagua daima.

"Hili la mnada nakuachia, ndiyo kazi yako. Hili?"

"Kamati ya harusi ya mtoto wa mwenyekiti."

"Daima. Hili?"

"Sikumbuki. Kamati nyingine."

"Daima. Na yote nayaondoa hapa mbele, yakae huko chini. Ukiyahitaji utayafuata mwenyewe, yasikufuate wewe." Akamrudishia. "Haya. Sikiliza."

Wakasikiliza. Simu haikulia. Nje mwuza machungwa alikuwa akibishana na mteja, na Zaidi akatambua kwamba hajawahi kusikia barabara ile inasemaje. Akafumba macho palepale, kichwa ukutani. Amne akamwacha alale robo saa.

Jumapili iliyofuata, baada ya magharibi, Zaidi akampigia Amne.

"Mama, nakushukuru."

"Kwa lipi?" Sauti ya Amne ilikuwa kavu.

"Leo nimelala. Nimelala tangu saa nne mpaka adhuhuri, nikala, nikalala tena. Simu hata sikuigusa. Sijapata Jumapili kama hii miaka na miaka."

Upande wa pili masufuria yaligongana.

"Amne?"

"Ulilala."

"Nililala, mpenzi. Kama mtoto."

"Sawa, Zaidi. Endelea kulala. Usinipigie tena."

Simu ikakatwa. Akapiga, haikupokewa. Siku ya pili ikawa haipatikani. Jumatano akashuka Kilole, akakuta duka limefungwa na jirani akamwambia fundi kaagiza asiulizwe. Zaidi akarudi Handeni amenyamaza kama simu yake. Akajiambia: ndiyo majibu yenyewe. Wazee wamekataa, naye kaona haya kuniambia. Angemuuliza nani, na desturi inamfunga mdomo? Mzee Hiza naye alingoja kuitwa, hakuitwa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Zaidi alipata usingizi wote alioutamani, akaona hauna faida.

Siku ya mnada mwishoni mwa mwezi, Koisaba, mfugaji rafiki yake, akaja ofisini amekasirika, shuka jekundu begani, fimbo chini ya kwapa.

"Katibu, nilifiwa na shangazi. Nimekuandikia kwenye kundi la wafugaji. Watu wote wamekuja, wewe hukuja."

"Koisaba, pole sana. Wallahi sikuona."

"Hukuona ama ulikataa kuona?"

Kwa aibu Zaidi akashuka kule chini yalikowekwa makundi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alitafute la wafugaji. Kabla hajalifikia akapita kundi lenye ujumbe thelathini na moja ambao haujasomwa. Jina lake: KAMATI YA MAANDALIZI. Akalifungua kwa kudhani ni harusi ya mtu.

Lilikuwa limefunguliwa na Sabiri, mtoto wa Mzee Mbaruku, siku ya Jumanne, kesho yake barua ilipofika. Ndani walikuwa watu watano tu wa Mnyuzi, na yeye.

Alhamisi: "Kaka Zaidi, mzee anasema barua imepokelewa kwa furaha. Mshenga aje Jumapili saa nne kuchukua majibu. Mwambie Mzee Hiza, maana hayupo Wasapu." Ijumaa: "Kaka umeona?" Jumapili: picha ya mkeka mpya barazani. Picha ya sinia la pilau lililofunikwa kawa. "Mko wapi?" "Wageni wa jirani wameanza kuuliza." "Mzee amengoja mpaka alasiri." Halafu wiki mbili na siku kadhaa hakuna kitu. Halafu, juzi: "Mzee anasema barua itarudishwa siku ya mwisho ya mwezi."

Siku ya mwisho ya mwezi ilikuwa kesho.

"Koisaba, rafiki yangu, nimekukosea," Zaidi akasema, akisimama. "Nitakuja kwenu kuhani, nitakaa siku mbili. Lakini sasa hivi nikichelewa nimekosa mke."

Koisaba akamtazama usoni, akaona si uongo. "Nenda. Mnada nitausimamia mimi."

Akampakia Mzee Hiza na koti lake kwenye pikipiki, wakashika barabara ya Korogwe. Mzee alilalamika mgongo tangu Sindeni. Kilole walikuta duka liko wazi. Amne alikuwa nyuma ya cherehani, dera jeusi, uso umepungua. Akamwamkia Mzee Hiza bila kumwangalia Zaidi. Zaidi aliiweka simu mezani, juu ya kitambaa.

Amne akasoma. Akasoma mpaka mwisho, kisha akarudi juu, kwenye jina la kundi, palipokuwa na alama ndogo ya kengele iliyokatwa mstari. Akakitazama kidole chake.

"Ni mimi," akasema.

"Ni sisi."

"Wewe uliniambia hukumbuki, mimi nikaandika daima. Wiki tatu nakulaumu." Akajifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Ulivyosema ulilala, Zaidi, nilitamani niing'oe ile namba kwenye simu kwa meno. Shangazi zangu walikuwa bado wanaosha masufuria."

"Naenda kwa mjomba."

"Utamwambia nini? Ukisema nilizima mimi, atajua barua ikiwa kwake mimi nilikuwa nimekaa na wewe benchi moja."

"Nitasema nilizima mwenyewe."

Zaidi akaichukua simu, akaondoka na Mzee Hiza.

Mnyuzi, Mzee Mbaruku aliwapokea kwa adabu isiyo na joto. Mshenga aliingizwa sebuleni. Zaidi, kwa kuwa mtu hajiposei, aliachwa barazani kwenye kiti cha kamba, dirisha likiwa wazi juu ya kichwa chake. Akasikia yote.

"Kwa hiyo alizima," alisema Mzee Mbaruku.

"Alizima, ndugu yangu. Alichoka. Makundi arobaini na moja."

"Mimi nina umri wa miaka sabini na mbili, nimechoka kuliko yeye, na siku ile nilikaa kwenye mkeka tangu saa nne. Mtu akichoka na watu anawazima. Akimchoka mtoto wetu je?"

Mzee Hiza akakohoa. Zaidi aliinamisha kichwa. Alijua swali lile ni la haki, hata kama kidole kilichozima hakikuwa chake.

Bodaboda ikasimama. Amne akateremka, futi ingali shingoni, akapita mbele ya Zaidi bila kugeuka, akaingia na kupiga magoti mlangoni mwa sebule.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo mzee Hiza. Simu niliizima mimi. Nilimnyang'anya Jumatano, dukani kwangu. Nilikuwa nataka anisikilize. Kundi lenu sikulijua."

Mzee Hiza akakohoa tena.

"Jumatano," Mzee Mbaruku akasema hatimaye. "Barua ilikuwa na siku mbili hapa."

"Ndiyo mjomba."

"Na unajua nitalazimika kukukaripia mbele ya shangazi zako."

"Najua."

"Haya, kesho. Leo sina nguvu." Kiti kikalia, mzee akavuta pumzi. "Mzee Hiza, mimi na wewe tungeongea kwa miguu, haya yote yasingetokea. Tulimwachia Sabiri na mashine yake. Kosa la kwanza ni langu. Barua haitarudi. Mwite huyo aliyeko barazani anisalimie."

Zaidi aliingia, akainama, akatoa shikamoo kwa mikono miwili. Mzee akaitikia, akamshika mkono muda kidogo, akauachia.

Pilau haikuwepo; kulikuwa na ugali na mlenda, na wageni walitakiwa wasubiri. Zaidi alikuwa bado hajakaa sawasawa barazani simu ilipotetemeka. Sabiri alikuwa amemwingiza kwenye kundi la ukoo. Watu mia moja na kumi na wawili. Ujumbe ukaanza kumiminika: karibu mkwe, karibu shemeji, maua, mikono iliyokunjwa, kijana wa Mombo akiuliza huyu ni nani.

Amne akatoka jikoni na jagi la maji ya kunawa, akaona kioo kinavyowaka. "Pole," akasema chini kwa chini.

Zaidi macho yalikuwa mazito na mgongo umekufa kwa pikipiki. Akawajibu mmoja mmoja. Wakubwa akawaamkia, wadogo akawauliza hali. Alipofika kwa bibi wa Mazinde, ambaye alikuwa ametuma sauti ya dakika saba, aliiweka simu sikioni, akaisikiliza mpaka mwisho.