Saa Sita Chini ya Ukuta wa Lucca

"Kellen, mumeo yuko wapi?"

"Alisema anakwenda kununua maji."

"Maji gani ya kununuliwa kwa saa mbili nzima?" Proscovia, kiongozi wa msafara, alitazama saa yake. "Basi la uwanja wa ndege linaondoka saa sita kamili. Halingoji mtu."

Kellen alipiga tena. Simu ya Nobert ilikuwa imezimwa.

Walikuwa wakulima sita wa kahawa kutoka Kyarumba, wilayani Kasese, walioalikwa kuonjesha kahawa yao kwenye maonyesho huko Lucca, Italia. Mji ule wa kale umezungukwa na ukuta mpana sana, hata juu yake kuna miti na watu wanaendesha baiskeli. Jana walitembea huko juu wameshikana mikono, jambo ambalo Nobert hakuwahi kulifanya Kasese hata siku moja. Sasa Kellen akajiuliza: kumbe alikuwa ananiaga?

Akafungua begi. Pasipoti yake ilikuwemo. Ya Nobert haikuwemo.

Hapo hapo ujumbe ukaingia, kutoka namba ya Italia:

"Mama Mbambu, wewe panda ndege. Nitakupigia nikifika. Nisamehe."

Aliipiga ile namba. Aliyepokea alikuwa Sosthène, rafiki wa Nobert, aliyetoweka Bwera, mji wa mpakani kwao, miaka mitatu iliyopita akamwacha mkewe Sophie.

"Shemeji, usilie. Iko kwa faida yenu. Atapata kazi, kisha atawaita."

"Mpe simu."

"Treni inaingia, shemeji..."

"Sosthène! Mpe mume wangu simu!"

Akasikia pumzi za Nobert.

"Kellen..."

"Mbambu ataniuliza baba yuko wapi. Nimjibu nini? Nipe maneno, maana mimi sina."

Simu ikakatika.

Kellen alipanda ukutani mbio. Ng'ambo ya pili, stesheni ilionekana kati ya miti. Treni ikasimama, ikaondoka. Akaitazama mpaka ikapotea machoni.

"Kellen! Dakika tano!" Proscovia aliita kutoka chini.

Aliteremka akiwa hazihisi ngazi. Mguu mmoja ulishakanyaga basi aliposikia mtu anakimbia kutoka lango la ukuta. Alikuwa Nobert, shati limelowa jasho.

"Umeachwa na treni?" Kellen aliuliza bila kumsogelea.

"Hapana. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu." Alihema. "Nikamuuliza Sosthène, huwa unamwambia nini mkeo? Akacheka. Akasema miezi ya kwanza usipokee simu, mwanamke atazoea. Lakini Sophie hajazoea, Kellen. Kila nikishuka Bwera ananiuliza kama nimesikia habari zake."

"Na wewe unamjibu nini?"

Nobert akainamisha kichwa.

"Kwamba sijui. Nilikuwa najua. Tulikuwa tunaongea kila wiki."

Kellen alimtazama kama mtu anayemwona mara ya kwanza. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete pasipoti."

Akampa.

"Utamwambia Sophie kwa mdomo wako, mbele yangu. Mambo yetu sisi yatasubiri."

Akazitia pasipoti zote mbili kwenye begi lake, akapanda basi.

Jumamosi, baada ya kurudi nyumbani, walimkuta Sophie sokoni Bwera, amezungukwa na vitenge vyake.

"Karibuni!" alisema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka. "Mulirudia salama? Ulaya iko namna gani?"

"Sophie," Nobert alisema, "Sosthène yuko hai. Yuko Italia. Nilijua miaka yote mitatu, nikakudanganya."

Kitenge kikamponyoka Sophie mikononi.

"Iko muzima?"

"Ndiyo."

"Anakuya?"

"Hapana. Hatarudi."

Sophie alikaa juu ya mzigo wa vitenge. Machozi yalimtoka taratibu, lakini sauti haikupanda.

"Kila Jumapili ku misa nilikuwa sijui nimuombee kama muzima ao kama mufu. Leo nimejua." Akamtazama Nobert. "Wewe, toka mbele yangu. Kellen, wewe bakia kidogo."

Kellen alibaki, akamshika mabega mpaka kilio kikatulia.

Alipotoka, alimkuta mumewe amesimama barabarani, anafuta macho kwa kiganja, hajui aondoke au angoje. Kellen akampita hatua mbili, akasimama. Hasira ilikuwa bado imemjaa, na alijua haitaisha wiki hii wala ijayo.

"Baba Mbambu," alisema. Tangu Lucca hakuwa amemwita hivyo. "Twende. Mtoto anatungoja."