Mpinzani wa Mazoezi

Walikutana kwenye foleni ya kupakwa poda. Ndiyo, poda, maana siku ya mdahalo wa urais kituo cha televisheni hakimwachi mtu na uso wake. Ukumbi ulijaa walinzi, waandishi wa habari na wapambe wenye simu mbilimbili, wote wakibishana nani ana sifa za kuongoza nchi na nani ana shahada tu. Yeye, mkalimani wa lugha ya alama, alivaa gauni jeusi lisilo na ua hata moja ili mikono yake ionekane vizuri. Kijana aliyekuwa nyuma yake, shati jeupe, tai mfukoni, akamuuliza kama ana msiba.

"Nina kazi," akamjibu. "Na wewe, tai inaogopa shingo?"

Kijana akacheka. Akaeleza kwamba yeye ni mpinzani wa bosi wake mwenyewe. Bosi huyo ni mgombea mmoja mwanamke aliyeitwa na wote Daktari, na kwenye mazoezi kijana ndiye aliyejifanya mgombea wa upande wa pili, amchokonoe na kumkejeli, ili siku yenyewe mama wa watu asishtuke.

"Kumbe kuna kazi ya ukewenza," mkalimani akamtania.

Jioni ile mgombea wa upande wa pili aliulizwa sera yake ya mambo ya nje, nchi jirani ikiwa vitani. Akajibu kwa methali tupu: ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Mdahalo ulipokwisha, kijana alimngoja mkalimani mlangoni amuulize methali ile aliisemaje kwa mikono. Akamwonyesha. Kijana akaiga, akajimwagia soda kifuani, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Ikawa miezi saba ya raha. Kijana alimwita Mikono, naye akaitwa Mpinzani wangu. Asubuhi simu ikilia, Mikono huuliza, "Umeamka, Mpinzani wangu?" naye hujibu kwa sauti ya usingizi kwamba anaipinga hoja hiyo. Alijifunza hata alama, kwa ajili ya mama yake Mikono, aliyezaliwa kiziwi. Lakini vidole vyake vilikuwa vizito, na neno "samahani" lilimshinda kabisa. Mikono humnyoosha kidole kimoja kimoja, mama akicheka mpaka machozi yamtoke.

Baba yake Mikono alikuwa jaji, na Daktari alikuwa ametangaza kwamba akishinda atamteua Jaji Mkuu. Nchi nzima ikalijadili jina lake. Lakini mzee alikuwa na siri. Madaktari walikuwa wamemwambia kwamba kumbukumbu zake zinaanza kumtoka, maana walipomuuliza jina la mkewe alilikosa. Alitaka amalize kesi yake ya mwisho, kisha akikatae cheo, kisha amweleze mkewe. Aliyejua ni binti yake tu.

"Mama yako nitamwambia mwenyewe," alimsihi. "Usinitangulie, mwanangu."

Siri ile ilimwelemea binti. Siku moja akalia kifuani kwa mpenzi wake, akamwambia yote.

Mdahalo wa pili ulikuwa saa kumi jioni, na mada ilikuwa uteuzi wa majaji. Mkalimani alisimama kwenye kona yake, mikono ikienda. Mara mgombea wa upande wa pili akamgeukia Daktari.

"Mwenzangu anataka kutupa Jaji Mkuu aliyesahau jina la mkewe mbele ya madaktari."

Mikono ya mkalimani ikasita. Nyumbani mama yake alikuwa mbele ya televisheni, baba kando yake, na mama hakuwa na njia nyingine ya kusikia mdahalo ule ila mikono ya binti yake. Angeweza kuliruka neno lile. Nani angejua? Lakini alikuwa ameapa kwamba linalosemwa ukumbini ndilo mikono itakalosema, na viziwi walikwisha fichwa mengi mno nchi hii. Akaiinua mikono, akasema yote: jaji, madaktari, jina, mke, akasahau. Machozi yalimtiririka mbele ya kamera.

Kijana alimkuta kwenye ujia, tai imelegea.

"Sikumwambia mtu wa upande ule, naapa," alisema. "Nilisema mazoezini, nikimwigiza yule bwana. Niliona wakija kujua watalitumia, na Daktari hana jibu. Kuna mmoja wetu kalipeleka kwao."

"Basi uliigiza vizuri."

"Nilitaka kumlinda baba yako, Mikono."

"Ulitaka kushinda, Mpinzani."

Neno "wangu" hakulitaja.

Nyumbani alimkuta mama amekaa palepale. Kwa mikono, mama alimuuliza binti amejua tangu lini. Miezi mitatu. Mama akainamisha kichwa, kisha akasema kwamba alikwisha hisi zamani, ila alikuwa anasubiri mumewe amwambie mwenyewe, kama alivyomwambia kila kitu kwa miaka thelathini na minane.

Mzee alitoa karatasi mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne.

"Nilikuwa nimeyaandika, mwanangu," alisema, "nisije nikayasahau siku ya kumwambia."

Hakuna aliyeisoma karatasi ile. Mzee aliirudisha mfukoni.

Simu za kijana zililia wiki tatu bila kupokewa. Kisha Jumapili moja akaja mwenyewe getini, bila tai. Aliinua mkono akamwomba Mikono samahani kwa alama, na akakosea, kama siku zote.

Mikono naye alikuwa bado anampenda, tusidanganyane. Alimsogelea, akaushika mkono ule, akamnyoosha kidole kimoja kimoja mpaka neno likakaa sawa. Akautazama kitambo.

"Sasa umepatia," akamwambia.

Akauachia, akaingia ndani, akafunga geti.