Dubu Jike Kusini mwa Mstari

Jiwe liliteleza chini ya buti la Obiero. Kabla Spéciose hajageuka, mwenzake alikuwa ameshaporomoka hadi kijitoni. Mguu ulilia kwa kuvunjika. Simu zao na dira, alizokuwa amebeba yeye, zikazolewa na maji.

"Usiuguse!"

"Tulia, kaka. Lazima niufunge."

Aliufunga kwa matawi ya msonobari na skafu yake huku mvua ikimchapa mgongoni. Walikuwa wameondoka Stockholm alfajiri, yeye kutoka mtaa wa Rissne, Obiero kutoka Akalla, vuli ile ya 2009, kuokota kinyesi cha dubu kwa ajili ya sensa ya wanyama hao, kwani maabara hutambua humo kama ni dume au jike. Wawindaji walidai dubu wanashuka kusini mwaka hadi mwaka. Wakubwa wa utafiti walicheka. Madume hutangatanga, walisema, lakini majike hawaendi mbali na mama zao. Kwenye ramani walikuwa wamechora mstari ambao jike hajawahi kuuvuka kwenda kusini. Spéciose ndiye aliyeng'ang'ania waongeze kilomita nne kusini mwake.

Alimwegemeza Obiero begani, wakachechemea. Kila mara alisimama, akageuka, akabadili njia.

"Tumepita hapa," Obiero alisema. Midomo ilikuwa imemgeuka kijivu.

"Najua."

Walipovuka kichaka cha matunda ya buluu, harufu nzito iliwakumba. Hatua ishirini mbele, dubu aliinuka kwa miguu miwili. Nyuma yake, watoto wawili walikwea mti.

"Usikimbie," Spéciose alinong'ona.

"Nikimbie na mguu gani?"

Akaanza kumsemesha dubu polepole, kwa Kirundi, huku wakirudi kinyumenyume. Dubu alivuma, akapiga ardhi, akawakurupukia hatua tatu, kisha akasita. Alikoroma, akawaita wanawe, wakapotelea msituni.

Pale alipokuwa, kinyesi kilifuka mvuke.

Spéciose alimtazama mwenzake, akaona aibu kwa kukitamani. "Tuondoke. Unaganda."

"Kachukue! Mguu umeshavunjika, dada. Usiwe umevunjika bure."

Alikimbia, akajaza kichupa, akarudi akihema. Kutoka pale aliacha kubahatisha. Alipanda mwamba, akaona nyaya za umeme, wakazifuata kwa muda wa saa mbili hadi barabara ya malori ya magogo.

Mzee mmoja wa Kiswidi alisimamisha lori, akamfunika Obiero blanketi.

"Miaka sitini naishi hapa," alisema baada ya kusikia kisa chao. "Jike mwenye watoto? Hapa hawapo."

"Sasa wapo," Spéciose alijibu. Akaketi matopeni, kichupa mkononi, macho yake bado yakiupekua msitu.