Mwanamume wa Kwenye Kioo

Kwa maelezo ya Mama Pazia, jirani wa mlango wa pili, mke wa Fundi ana mwanamume ndani ya simu. Kamwona mchana kweupe, dirisha wazi.

"Anampapasa, shoga yangu! Shavu, shingo, mpaka mdomo! Halafu anatulia anamtazama, machozi yanamlengalenga."

Alipomaliza kuwahadithia wa uani, akampigia Fundi, ambaye muda huo alikuwa juu ya ngazi akichora bango la duka la viatu.

"Shemeji, mimi si mtu wa umbea..."

"Sema basi, brashi inanikaukia."

Akasema yote, na chumvi juu.

Fundi aliingia nyumbani na rangi nyekundu bado iko vidoleni. Mkewe alikuwa ameketi dirishani peke yake, kama siku zote.

"Lete simu."

"Hata salamu, mume wangu?"

"Salamu mpe huyo unayempapasa!"

Mke akacheka, kicheko kidogo kilichokosa wa kukipokea.

"Kumbe kwa ajili yake unaweza kuwahi kurudi. Mimi nikikuita, kazi haiishi."

"Usinizungushe. Nani huyo?"

"Nachora."

"Unachora! Rangi iko wapi? Brashi iko wapi? Mimi nikichora nanuka rangi mpaka kwenye mto. Wewe unapapasa kioo, ukikosea unabonyeza, kosa limekwenda. Huo nao ni uchoraji?"

"Kwani wewe ukikosea hufuti?"

"Nafuta kwa kitambaa na mafuta ya taa! Jasho linanitoka!"

"Basi tumepishana mafuta ya taa tu."

Fundi hakucheka.

"Nilikuomba brashi moja," mke akasema taratibu, "ile kuukuu, iliyonyonyoka. Ukasema nitaiharibu. Kidole sikuhitaji kumwomba mtu."

"Nasema hivi, kama humo mna mwanamume, leo unarudi kwenu."

"Mwanamume yumo. Shika."

Fundi akaipokea simu kwa pupa. Akatazama. Pupa ikamwisha.

Bega la kushoto limeshuka, kwa kubeba ngazi. Kidevuni kovu. Nyuma ya sikio kuna tone la rangi nyekundu iliyokauka, lile ambalo hata akioga haliishi.

"Huyu... ni mimi."

"Ulidhani nitampapasa nani mwingine?"

"Hii ngozi ya shingo umeichanganyaje?"

"Nyekundu chini, kahawia juu, nyembamba sana. Nimefuta na kurudia mpaka ikakubali."

Fundi akanyoosha kidole, akaligusa lile tone la sikioni. Papo hapo akakipangusa kidole kwenye suruali, kama afanyavyo kila akigusa rangi mbichi. Kisha akakitazama kile kidole. Hakikuwa na kitu kipya.

Hakulisema tena neno kioo.

"Mbona hujanitia macho?"

"Siyajui."

"Hujui macho ya mumeo?"

"Uso nimeuiba ukiwa usingizini. Ukitoka naona kisogo, ukila unatazama sahani, ukiongea unatazama mlango. Ningeweza kukuchora umelala, lakini sitaki mtu mwingine wa kulala humu ndani. Aliyepo ananitosha."

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Fundi. Mama Pazia: "Shemeji umemkamata?"

Akaitoa. Akausoma tu, akairudisha mfukoni, macho yakarudi kwa yule mwanamume asiye na macho.

Mke akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Iweke chini hiyo simu, mume wangu. Nitazame. Kidogo tu, nimalizie."

Kioo kikafifia, kikawa karibu kuzima. Fundi, kichwa ameinamisha vilevile, akakigusa shavuni kikawaka tena.