Kichupa cha Kumi na Mbili

Seli zilitakiwa ziwe zimekatikakatika. Saa nne asubuhi, ndani ya chumba cha giza cha maabara, Dokta Kesho aliinamia hadubini akakuta duara mia moja, safi kama sarafu mpya, hata moja haina mkia.

Tuelewane mapema, maana wasomi wakilieleza jambo hili wanalifunga mafundo makusudi. Seli ikipigwa na taa ya zambarau, ule uzi wa urithi ulio ndani yake, DNA, unakatika. Seli nzima inauunga. Seli mbovu haiungi, na kwenye hadubini unaona vipande vimemwagika nyuma yake kama mkia. Basi. Miaka saba ya chuo kikuu umeimaliza hapo hapo ulipo, tena bure.

Seli hizi zilikuwa mbovu. Zilikuwa za mdogo wake. Mtoto yule alizaliwa na ngozi isiyojua kujiunga, jua la dakika kumi lilimtoa malengelenge, akaishi miaka tisa nyuma ya mapazia, na kila mara mtu akiwasha taa yeye anaziba uso: "Dada, zima taa." Kabla hajafa walimkata kipande cha ngozi, mama akaweka sahihi, dada mtu akapata mada ya utafiti. Kila jaribio linahitaji wa kushindwa, ili wengine waonekane wameshinda. Kazi hiyo akapewa marehemu.

Na hilo la Dokta Kesho ni jina la kejeli. Binamu zake kila harusi humuuliza atakuwa daktari lini, naye kila harusi hujibu mwakani.

"Umechanganya vichupa," Profesa alimwambia bila kuinua macho. "Rudia."

"Nimerudia mara tatu, Profesa."

"Basi umekosea mara tatu. Una miezi miwili, binti. Mimi sikuombei muda tena, nimechoka kuonekana ombaomba."

Akarudia. Zikapona tena. Safari hii kulikuwa na harufu ya ngozi inayoungua, na ndani ya kabati la joto, zilimokaa sahani za seli, kitu kilikwaruza kioo polepole, kwa kucha ndogo.

Nyumbani mama yake alikuwa na kidonda. Tone la mafuta ya moto lilimrukia kifundoni, likaacha alama ndogo kama punje ya mahindi. Wiki tatu zikapita, punje ikawa kiganja.

"Hakiumi sana, mwanangu," mama alisema akifungua kitambaa. "Ila naona kama mtu ananibandua. Kinatulia, halafu siku nyingine kinapanuka ghafla."

"Siku zipi, mama?"

Mama alikuwa ameziwekea alama kwenye kalenda ya ukutani. Jumanne. Ijumaa. Jumatatu iliyofuata. Dokta Kesho alifungua daftari lake la maabara, akaweka kidole kwenye tarehe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ambazo seli zilipona, ndizo hizo hizo.

Ungekuwa wewe ungeacha. Yeye ni mtafiti, akarudi kuhakikisha.

Ilikuwa saa sita mchana, nje wanafunzi wanacheka, na yeye amejifungia katika chumba kile cha giza na sahani moja ya seli, akainamisha jicho kwenye hadubini, na mbele yake ile mikia, mikia halali kabisa iliyokuwapo dakika ile, ikaanza kurudi ndani ya duara moja baada ya nyingine kama minyoo inayorudi shimoni, na harufu ya kuungua ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na nyuma yake swichi ya taa ya zambarau ikalia tak, ilhali hakuna aliyeigusa, na juu ya ukosi wake, karibu kiasi cha kuusikia unyevu wa pumzi, sauti ikasema, "Dada, zima taa."

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Alikuwa Bibi Chupa, mwanamke aliyeosha vyombo vya maabara ile kwa miaka thelathini na kutibu wenye majini siku za mapumziko.

"Toka," alinong'ona. "Usigeuke. Nifuate mimi."

Kwenye karo la kuoshea vyombo alimnywesha maji kwanza.

"Ni mdogo wangu, bibi?"

"Mdogo wako kalala. Huyu ni jini, kakuta nyumba tupu inawashwa taa kila siku, kajua anakaribishwa. Anaiungaunga hiyo nyumba yake kwa ngozi ya mama yenu. Umewasha mara ngapi?"

"Mia nne na kumi na mbili. Nimeandika."

"Lo! Kuandika mnajua." Bibi Chupa akamkabidhi daftari. "Soma zote. Kila moja, omba radhi kwa yule mtoto."

Alisoma mpaka sauti ikawa kama ya chura. Alipofika ya mia nne, kabati la joto lilitikisika, likatoa mlio wa mbwa aliyekanyagwa, likanyamaza. Kisha wakachukua vichupa vya seli kutoka kwenye pipa la barafu, wakavitia kwenye mashine ya mvuke inayoua kila kilicho hai.

"Ndivyo vyote?"

"Vyote, bibi."

Vilikuwa kumi na kimoja. Somo la kwanza alilofundishwa na Profesa, kabla hata ya kuvaa glovu, lilikuwa hili: usimalize kichupa cha mwisho. Cha kumi na mbili alikuwa amekihamishia kwenye sanduku la mtu mwingine.

Kidonda cha mama kikaanza kunywea. Baada ya mwezi kilirudi kuwa punje. Mama akaimba tena jikoni, vibaya kama zamani.

Siku mbili kabla ya mwisho wa muda, Profesa alimwita. "Ule uponaji, ukiuonyesha mara moja tu mbele ya wasahihishaji, unavaa kofia ya udaktari. Kama huna kitu, kapange vitabu vyako."

Mara moja tu, alijiambia, akakiendea kichupa cha kumi na mbili.

Wasahihishaji walichungulia kwa zamu. Zilipona zote, wakapiga makofi, na mmoja akauliza nani anachoma nyama huku ndani. Profesa alimwita "Daktari" kwa mara ya kwanza.

Mchana huo huo alikimbia nyumbani na habari. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mama alikuwa kitandani, shuka limemfunika hadi kidevuni, na shuka lenyewe limelowa.

"Ulibakiza," mama alisema.

"Kimoja tu, mama."

"Kwa ajili ya mdogo wako, au kwa ajili ya kofia?"

Daktari akasogea dirishani, akavuta pazia ili amwone mama vizuri, na mwanga wa saa nane ukaangukia kitanda.

Mama akaziba uso kwa mikono isiyo na ngozi.

"Dada," alisema, kwa sauti ya mtoto wa miaka tisa, "zima taa."