Siyo Usanii, Mama

Kila asubuhi baada ya sala, Mahfudha hukaanga maandazi, kisha huwasha gari kwenda kazini. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, hapa Carrollton, kando ya Dallas. Anawaogesha, anawavisha, anawasukuma kwenye viti vya magurudumu. Mumewe, Shamte, ni dereva wa lori. Siku nyingi yuko njiani.

Jumatatu moja binti yao, Jannat, aliweka fomu mezani.

"Mama, nimepata chuo Houston! Sign hapa, ni ya bweni. Bado sijafika miaka kumi na minane, kwa hiyo lazima mzazi. Mwisho Ijumaa."

"Alhamdulillahi! Unakwenda kusomea uuguzi?"

"No, Mama. Ile ya usanii. Digrii, miaka minne."

Andazi lilimtoka Mahfudha mkononi. Kwao Tanga, mtu akisema "yule msanii", mara nyingi hamaanishi mwimbaji. Anamaanisha mjanja, mtu wa kudanganya wenzake.

"Usanii! Baba yako hajui kitanda huko barabarani, wewe ukasomee utapeli?"

"It's not that, Mama!"

"Kalamu sina," alisema Mahfudha. Mfukoni mwa sare yake zilikuwamo tatu.

Jumanne ikapita, na Jumatano. Fomu iko pale pale. Bila saini, Jannat hana chumba. Bila chumba, Houston hakuna. Mtoto hata chakula hakugusa.

Alhamisi alikuja jirani yao, Lydiah, Mkenya anayefanya kazi kwenye ukumbi wa maonyesho Dallas. Macho yake yakaangukia fomu.

"Mama Jannat, hii bado haijawekwa sahihi?"

Mahfudha akamweleza habari ya ile digrii ya usanii, na maana ya neno hilo kwao Tanga.

"Leo si uko off? Ingia kwa gari, twende."

Ukumbini, vijana kumi walikuwa wakifanya mazoezi ya ngoma.

"Unawaona hao kumi?" Lydiah alisema. "Nyuma yao kuna watu wengi wanaopanga. Nani ametafuta ukumbi? Nani ameomba kibali, ametangaza, amepata wafadhili? Hayo ndiyo Jannat atasoma, aliniambia mwenyewe. Biashara, sheria ya mikataba, namna ya kuongoza watu. Tena atatumwa kufanya kazi kwa kumbi na makumbusho, ajifunze kwa mikono. Kazi atatafuta kama wengine, lakini atakuwa na ujuzi."

"Na kudanganya je?"

Lydiah alicheka mpaka akashika ukuta. "Kudanganya! Mtu akimwahidi mwimbaji uongo, ni nani anamshika na mkataba? Ni huyu msimamizi. Yeye ndiye anazuia huo usanii wenu wa Tanga!"

Mahfudha alikuwa akimtazama msichana mmoja aliyepiga magoti, anapima njia kati ya viti kwa futi.

"Huyo je?"

"Msimamizi. Alisomea hiyo hiyo. Mchana wazee wanakuja na viti vya magurudumu."

Mahfudha akamsogelea. "Mwanangu, pale kwenye kona hapatoshi. Kiti kikubwa hakigeuki."

Lydiah akatafsiri. Msichana akapima tena, akaondoa viti viwili, akamshukuru kwa mikono miwili. Mahfudha akamwangalia sana. Kumbe kuna watu wanaofikiria kiti cha mzee kabla mzee hajafika.

Waliporudi alikwenda moja kwa moja mezani. "Jannat! Leta hiyo fomu."

"Si umesema huna kalamu?"

"Usinichokoze. Bismillahi." Akatia saini.

Sasa Jannat yuko mwaka wa pili. Likizo iliyopita alirudi kutoka Houston akaandaa usiku wa kaswida kwa jamaa zetu wa Dallas. Kibali kilikuwapo, vipaza sauti havikukoroma, na programu ilianza kwa saa iliyoandikwa, jambo ambalo jamaa zetu hawakulizoea. Waliochelewa walikuta mlango umefungwa.

Mstari wa mbele walikaa wazee sita kutoka kazini kwa Mahfudha, kila mmoja na kiti chake, na nafasi ya kugeuka.

Mama mmoja akamnong'oneza, "Binti huyu anasomea nini?"

"Usimamizi wa sanaa," alijibu Mahfudha, akauweka sawa mtandio wake. "Siyo usanii, dada. Usije ukakosea."